Siku nyanya alipoingia Ngomeni

Mama yangu amezaliwa Mombasa, ameolewa Mombasa, amewazika hapa mume na ndugu zake, na katika miaka yake themanini hakuwahi kuvuka lango la ngome ya Fort Jesus. Nje yake amepita mara zisizohesabika: akienda arusini, akienda kuhani matanga, akirudi sokoni na kikapu chake. Ameketi kivulini mbele ya lango akinywa dafu. Ndani hakuingia. Kila tulipomwambia twende pamoja, jibu lake lilikuwa moja: "Jela siingii kwa miguu yangu."

Hakuwa amekosea. Mama alilelewa Kuze, mwendo mfupi kutoka ngomeni, na alipokuwa msichana wa chuo cha Kurani ngome hiyo ilikuwa jela kweli. Waingereza waliigeuza jela mwaka 1895, mara tu walipotangaza himaya yao Afrika Mashariki, na ikabaki jela mpaka mwaka 1958. Kwa watoto wa Mji wa Kale wa siku zile, Ngomeni halikuwa jina la mahali pa matembezi. Lilikuwa tishio. Mtoto aliyekataa kwenda chuo aliambiwa atapelekwa Ngomeni, na mtoto akanyamaza.

Aliyembadilisha mawazo si mimi. Ni binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Shuleni walikuwa wamepewa kazi ya likizo: watafute maneno ya Kiswahili yaliyotoka kwa Wareno. Akaja na daftari lake barazani, akamsomea nyanya yake orodha. Meza. Bendera. Leso. Karata. Kasha. Mvinyo. Padri. Mama akawa anaitikia kwa kichwa, mpaka mtoto alipofika neno la nane.

"Gereza, nyanya. Maana yake kanisa."

"Nani kasema?"

"Wareno wanaita kanisa *igreja*. Wenyeji wakasikia gereza."

Mama alinyamaza kitambo, akipapasa ncha ya leso yake, akasema: "Basi nipelekeni nikalione hilo kanisa."

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, kusi likivuma, tukavuka feri kutoka kwetu Likoni: mama, mke wangu, binti, kijana wetu wa miaka saba, na mimi niliyebeba kapu la mahamri na chupa ya chai ya tangawizi. Ng'ambo tukapanda tuktuk. Mama alikuwa amevaa buibui lake zuri, lile la siku kubwa, na njia nzima hakusema neno.

Ukiifikia ngome kutoka upande wa mji, kinachokuvaa kwanza ni rangi. Kuta zina wekundu wa udongo uliofifia, umechanganyika na weusi wa kuvu na chumvi. Ukikaribia unaona kwamba sehemu ya chini haikujengwa, imechongwa. Ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na waliokuja kuijenga walichimba handaki katika mwamba huohuo, wakaacha jiwe lenyewe liwe msingi wa ukuta, kisha wakaendelea juu kwa mawe na chokaa. Kwa hiyo huoni vizuri mahali ambapo kazi ya bahari imeishia na kazi ya binadamu imeanzia.

Ujenzi ulianza mwaka 1593 na ngome ikaanza kutumika kabla ya karne ile kwisha. Aliyeagiza ni mfalme Felipe wa Pili wa Hispania, ambaye wakati ule alitawala Ureno pia. Aliyechora ramani ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliani wa Milano, msanifu mkuu wa ngome za Wareno upande huu wa dunia, makao yake Goa. Waashi waliletwa kutoka India. Wachimbaji na wachukuzi wa mawe walikuwa watu wa hapa. Cairati alikuwa amesoma fikra za Kitaliani za zama zake, kwamba jengo kamilifu hufuata vipimo vya mwili wa mtu. Ukiitazama Fort Jesus kutoka angani utaona mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini, mikono na miguu imetanuliwa. Miguu na mikono hiyo ni buruji nne zenye majina ya watakatifu: São Felipe, São Alberto, São Mateus na São Matias. Kijana wangu alipoelezwa hayo alijilaza palepale kwenye majani, akatanua mikono, akauliza mizinga ilikaa wapi. Nikamwonyesha: viganjani na nyayoni, ili adui akikaribia ukuta wowote apigwe kutoka pande mbili.

Swali ambalo watoto huuliza, na wakubwa tunasahau kuuliza, ni kwa nini ngome kubwa hivi. Jibu ni kwamba Mombasa ilikuwa imewashinda. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, mambo yakaharibika, akaondoka kwenda Malindi alikopokelewa vizuri. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na merikebu zake, akauteketeza mji na kuupora. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akauchoma tena. Kila mara mji ulijengwa upya, na kila mara ulikataa kutii. Miaka ya 1580 ukamkaribisha Amir Ali Bey, nahodha wa Waturuki, ili awasaidie kuwafukuza Wareno. Hapo ndipo Wareno walipoona kuwa kuchoma hakutoshi. Baada ya kumshinda Mturuki mwaka 1589, wakamchukua mshirika wao, mfalme wa Malindi, wakamketisha Mombasa, na kando yake wakajenga ngome. Kwangu mimi kuta hizi ni ushahidi wa ukaidi wa mji kuliko wa nguvu za aliyejenga. Mji mtiifu haujengewi handaki.

Langoni mama alisimama. Milango ni mbao nzito iliyopigiliwa misumari mikubwa ya chuma iliyochongoka. Kijana wa kutembeza wageni akaja, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mama. Karibuni ndani." Mama akaitika marahaba, akaishika misumari mmoja mmoja kama anayekagua bidhaa, akaingia kwa mguu wa kulia. Nikamsikia akisema bismillahi.

Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno, la mwaka 1639. Wageni wengi huinua macho, hupiga picha, hupita. Tulisimama tukasomewa tafsiri yake, na nitaieleza kwa maneno yangu. Jiwe linamsifu kamanda Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27. Linasema aliitengeneza upya, kwamba alibomoa kuta za miji ya Pate na Siyu, kwamba aliwaadhibu watu wa Pemba na kuwaua wakuu wao, kwamba wote waliokuwa hawatoi kodi sasa wanatoa. Linamalizia kwa vyeo na malipo aliyotunukiwa. Mke wangu, ambaye ukoo wake unatoka Pemba, alilitazama jiwe lile kwa muda mrefu. Majina ya wakuu waliouawa hayamo. La aliyewaua limechongwa vizuri, na miaka karibu 400 ya mvua haijalifuta.

Lakini kwa nini ngome mpya ya miaka arubaini ilihitaji kutengenezwa upya? Hapo ndipo tulipokaa chini, maana kisa chake ni kirefu na mtoto wangu wa miaka saba alikitaka chote.

Mfalme aliyeletwa kutoka Malindi alirithiwa na mwanawe, Hasan bin Ahmad. Hasan akagombana na kamanda wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Aliacha mtoto wa kiume, Yusuf, aliyekuwa na takriban miaka saba. Wareno wakamchukua mtoto, wakampeleka Goa, wakamtia mikononi mwa mapadri wa shirika la Mtakatifu Agustino. Akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo. Akafundishwa Kireno, akafundishwa ubaharia na vita, akaozwa. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme: mfalme Mkristo katika mji wa Waislamu, mtoto wa mtu aliyeuawa, chini ya kamanda aliyeketi ndani ya ngome ileile.

Miaka mitano alistahimili. Inaelezwa kwamba alionekana akiomba dua ya Kiislamu kaburini kwa baba yake, na habari zikamfikia kamanda, Pedro Leitão de Gamboa. Kwa mtu aliyebatizwa, hilo lingeweza kumrudisha Goa mbele ya mahakama ya dini. Yusuf hakusubiri. Agosti 1631, siku ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, akaingia ngomeni na watu wake kama anayekuja kusalimia, akamchoma kamanda kisu. Ngome ikatekwa kutoka ndani. Wareno wa mji mzima, wanaume kwa wanawake, pamoja na wenyeji waliokataa kuuacha Ukristo, wakauawa. Kanisa Katoliki linawakumbuka kama Mashahidi wa Mombasa.

Mwaka uliofuata merikebu zilikuja kutoka Goa kumtoa, zikashindwa. Kisha yeye mwenyewe akaiharibu ngome kadiri alivyoweza, akapanda merikebu, akaondoka. Alimaliza maisha yake baharini, mwaka 1638 huko Bahari ya Shamu, mfalme asiye na mji.

Nimewasikia watu wakimwita Yusuf shujaa, na nimewasikia wengine wakimwita msaliti. Mimi nikimtazama kijana wangu aliyekuwa ameegemea goti la nyanya yake akisikiliza, naona kwanza mtoto wa miaka saba aliyepandishwa merikebu bila baba. Waliouawa siku ile walikuwa na watoto pia. Sidhani kisa hiki kina upande wa kushangilia. Mama ndiye aliyeuliza swali lililobaki kichwani mwangu: "Mama yake alikuwa wapi?"

Kanisa lenyewe ni msingi tu sasa. Uko uani, katikati ya ngome: mistari ya mawe yaliyolala majanini, inayoonyesha ukuta ulipopita na madhabahu ilipokuwa. Binti yangu alikimbilia hapo na daftari lake. Wataalamu wa lugha wanakubaliana na mwalimu wake: neno *igreja*, kanisa, ndilo lililozaa gereza letu. Wenyeji waliwasikia Wareno wakilitaja jengo lililokuwa moyoni mwa ngome zao, na jina la kanisa likahamia kwenye ngome nzima. Kule Kilwa Kisiwani, ngome ya kale mpaka leo inaitwa Gereza, na hakuna anayefungwa humo. Baadaye ngome zikawa mahali pa kufungia watu, na neno likafuata kazi ya jengo. Mtu anayesema leo kwamba jirani yake yuko gerezani anatamka, bila kujua, jina la nyumba ya ibada.

Mama aliuzunguka msingi wote kwa miguu, polepole, akihesabu hatua. Kisha akaomba aketi. Tukamtandikia leso, naye binti akakumbusha kuwa leso pia imo orodhani. Neno hilo lilikuwa la kitambaa cha mkononi, *lenço*. Wanawake wa pwani walivinunua vitambaa hivyo vikiwa vimeungana, wakavishona pamoja wakapata vazi. Mama akasema, "Hilo ni letu. Wao walileta kitambaa, sisi ndio tuliotia maneno."

Tulikunywa chai, kisha tukaendelea na habari ambayo kama ningekuwa mwalimu ningeifundisha kabla ya nyingine zote. Tarehe 13 Machi 1696 merikebu za Imamu Saif bin Sultan wa Omani ziliingia Mombasa na kuizingira ngome. Watu wa mji waliokuwa upande wa Wareno, na waliokosa pa kukimbilia, waliingia ndani wakafungiwa humo. Wareno wenyewe walikuwa wachache, hawafiki mia. Waliobaki walikuwa Waswahili na watu wa bara, wake kwa waume na watoto wao. Miezi ikapita. Njaa ikaja, kisha maradhi. Msaada ulipofika kutoka Goa kwa bahari, askari wapya nao wakaugua wakafa kama wa kwanza.

Kufikia mwisho wa Agosti 1697 kamanda wa mwisho wa Kireno katika kundi lile alikufa. Ngome ya mfalme wa Ureno ikawa haina Mreno wa kuiongoza. Aliyeshika ulinzi ni Bwana Daud, mwana wa ukoo wa kifalme wa Faza, kule kaskazini kisiwani Pate. Alikuwa na watu wa jamaa yake 17, wanaume Waafrika wanane, na wanawake Waafrika wapatao 50. Kwa wiki kadhaa, mpaka msaada mwingine ulipofika Septemba, hao ndio waliosimama juu ya kuta hizi. Wanawake hamsini. Majina yao sijayaona popote. Nimeingia ngome hii mara nyingi tangu nikiwa mwanafunzi, na ni mara chache nimesikia wakitajwa, ilhali jina la kijana wa miaka 27 aliyebomoa kuta za Pate liko juu ya lango.

Kuzingirwa kuliendelea mwaka mwingine mzima na zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1698, baada ya siku elfu moja na chache, Waomani walipanda kuta. Ndani walikuta watu wasiozidi ishirini. Siku chache baadaye merikebu za msaada zikatokea upeoni, zikaona bendera nyekundu juu ya ngome, zikageuza.

Nyanya alikuwa ametulia kimya. Kisha akamwambia binti yangu: "Andika hao wanawake. Wasipokuwa na majina, andika ni hamsini." Akaandika.

Merikebu moja ya msaada wa awali haikurudi. *Santo António de Tanná*, iliyojengwa Bassein kule India, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 ikiwa katika kazi ya kusaidia waliozingirwa. Ililala chini ya maji karibu miaka 280. Kati ya 1977 na 1980 wazamiaji wa akiolojia, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walishuka wakaichunguza ubao kwa ubao. Vyombo walivyoibua viko katika jumba la makumbusho humohumo ngomeni, pamoja na vyungu, sahani za Kichina na vigae vya Kiajemi vilivyochimbwa Gedi, Manda na Ungwana. Hapa sisi wakubwa tulitaka kukaa na watoto walitaka kuondoka, nao wakashinda.

Walichokipenda wao ni michoro. Wareno waliokaa zamu katika buruji walichora ukutani kwa mkaa na rangi nyekundu walichokikumbuka au walichokiona: merikebu zenye matanga, watu, samaki, hata kinyonga. Si kazi ya fundi. Ni mikono ya vijana waliochoka kungoja, mbali na kwao. Kijana wangu alisimama mbele ya merikebu moja akaitazama kwa makini ya mtu wa kazi moja, maana naye huchora ukutani na hukemewa. Akaniuliza kama hawa walikemewa. Nikamwambia huenda walikemewa, lakini kwa bahati hakuna aliyewafutia.

Nitapita upesi juu ya karne iliyofuata, ingawa wenyewe wa Mombasa hawatapenda. Wareno walirudi mwaka 1728, na kabla ya miaka miwili kwisha watu wa mji wakawainukia, wakawafungia ngomeni, wakawatoa Novemba 1729. Hawakurudi tena kutawala. Wakaja maliwali kutoka Omani, na miongoni mwao ukoo wa Mazrui, ambao Ahmad bin Said alipotwaa uimamu Omani miaka ya 1740 walikataa kumtii. Ngome ikawa makao yao. Hizi ndizo siku za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, aliyewatungia Mazrui na mji mashairi ya kujibu vitisho vya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani. Kati ya 1824 na 1826 Mazrui walipeperusha hata bendera ya Waingereza ili Sayyid Said asiwashambulie. Haikuwafaa. Mwaka 1837 alizimaliza nguvu zao, akawashika wakuu wa ukoo akawahamisha ng'ambo. Mara ya mwisho ngome kupigwa mizinga ni Januari 1875, akida al-Bakashweini alipoasi ndani yake na merikebu za Kiingereza zikaipiga kwa niaba ya Sultani wa Unguja.

Nyumba ya Waomani iko juu ya buruji ya São Felipe. Ni ya mwishoni mwa karne ya 18, na humo mama alikuwa mwenyeji wetu. Vitu vilivyowekwa kwa maonyesho alivitambua kimoja kimoja: mapambo ya fedha, vyombo vya nyumbani, milango iliyonakshiwa. Akaeleza kila kimoja kilitumiwaje, na kwa sauti ambayo sikuisikia kwake tangu asubuhi. Wageni wawili kutoka bara wakajiunga, kijana wa kutembeza wageni akanyamaza kwa adabu, na kwa robo saa nzima nyanya ndiye aliyetembeza watu.

Kutoka pale tukashuka Njia ya Matao, mpito uliochongwa katika matumbawe kushuka usawa wa bahari. Ndani ni baridi na giza, kisha ghafla unatokea kwenye mwanga na maji ya kijani yanayong'aa, mlango wa bandari ya kale ambako wengi waliotajwa katika makala haya walipita. Upande huu bahari ilikuwa ikiula mwamba mwaka hadi mwaka, mpaka ngome ikawa hatarini; miaka ya karibuni umejengwa ukuta wa kuzuia mawimbi. Najua wapo wavuvi na waogeleaji wa Mji wa Kale ambao hawakuupenda. Mimi nilipoona jinsi mwamba ulivyokuwa umeliwa, niliuona una haki ya kuwepo, na nikatamani tu wangeacha njia pana zaidi ya kushukia majini.

Juu uani tukarudi, na mama akauliza vyumba vya wafungwa viko wapi. Vingi havipo. Jela ilipofungwa, ngome ikatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1958. Wakfu wa Gulbenkian, jina la tajiri aliyeacha mali yake Lisbon, ulitoa fedha za ukarabati. Kazi ilisimamiwa na James Kirkman, mwanaakiolojia aliyekuwa amechimba Gedi. Alibomoa majengo ya jela ili kuifikia ngome ya kale chini yake, akachimbua msingi wa kanisa, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. Mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza Fort Jesus katika urithi wa dunia.

Nashukuru kwa kazi ya Kirkman, lakini nilipomtazama mama akitafuta kwa macho nilihisi kuna kitu kilichofagiliwa pamoja na kifusi. Miaka 63 ya jela ni zaidi ya nusu ya muda ambao Wareno waliishi humu. Watu wa karibu na sisi walilala ndani ya kuta hizi, na ndugu zao walisimama nje wakingoja. Kuna jiwe la Cabreira, kuna chumba cha Mazrui, kuna merikebu ya Kireno. Ningependa pawe na chumba kimoja, hata kidogo, cha waliofungwa, kabla hawajaisha walio hai wanaokumbuka.

Mama anakumbuka bendera. Alituonyesha mahali ilipokuwa ikipepea: nyekundu tupu, ya Sultani wa Unguja, kwa kuwa ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa wake hata Waingereza walipoutawala. Ilibaki juu ya ngome mpaka mwaka 1963. "Jela ya Mwingereza, bendera ya Mwarabu, ngome ya Mreno," akasema. "Nasi tulikuwa tukipita chini."

Tulitoka alasiri. Langoni mama aligeuka akaitazama misumari ya mlango mara moja, akatangulia mbele. Ng'ambo ya barabara tukanunua viazi karai na ukwaju, watoto wakapakwa rangi ya mabuyu midomoni, na tukarudi Likoni kwa feri iliyojaa. Kijana wangu alisimama kwenye vyuma akitafuta ngome, akasikitika alipoambiwa kuwa kutoka upande huu haionekani, imekaa upande wa pili wa kisiwa.

Usiku ule, baada ya isha, mama alimwita binti yangu chumbani kwake. Akainama uvunguni akatoa kisanduku kidogo cha mbao anachowekea cheti chake cha ndoa, barua za marehemu baba na bangili mbili za fedha. Akamuuliza kinaitwaje. Mtoto akajibu, sanduku. Mama akatikisa kichwa.

"Hiki ni bweta. Kaulize mwalimu wako limetoka wapi."

Tulitazama kamusi pamoja, watatu tumeinamia taa. *Boceta*, Kireno, kisanduku. Binti akachukua kalamu, akaliandika chini ya gereza, na mbele yake katika mabano akaandika: nyanya.